Mgema Akiwa Mmoja

Neno ukiritimba lina maisha mawili. Kitabuni ni hali ya muuzaji mmoja kuhodhi soko zima. Mtaani ni kitu kingine kabisa: mwambie mtu wa Dodoma au Morogoro kwamba ofisi fulani ina ukiritimba, hatakuuliza ni nani mwingine anayeuza kile kinachouzwa pale. Ataelewa kwamba faili limelala mezani, kwamba mwenye muhuri ametoka kidogo, kwamba utaambiwa njoo kesho, na hiyo kesho ikifika utaambiwa mtandao hauko. Wapo wanaoiona maana hii ya pili kuwa ni upotoshaji wa neno. Mimi naona wasemaji wa Kiswahili wamegundua jambo. Mwanafunzi wa uchumi hufundishwa kwamba dhambi ya mhodhi ni bei: anabana bidhaa ili apandishe faida. Msemaji wa kawaida anasema dhambi yake ni kukusubirisha. John Hicks, mchumi wa Kiingereza, aliukaribia ukweli huo mwaka 1935 alipodokeza kwamba huenda faida kubwa siyo pato tamu kuliko yote la mhodhi. Huenda pato hilo ni utulivu, yaani kuishi bila kusumbuliwa na mtu.

Tukianzia hapo, swali la kama muuzaji asiye na mshindani anaweza kumhudumia mteja vizuri linabadilika. Kuhesabu wauzaji hakutoshi tena. Inabidi tuulize nani ana uwezo wa kuukatiza utulivu ule. Ushindani ni njia mojawapo: mteja anahama, mapato yanapungua, usingizi unakatika. Njia nyingine ni kelele: mteja anabaki, ila anagonga meza hadi mtu atoke ndani. Hoja yangu ni kwamba mhodhi anaweza kuhudumia vizuri, na mara nyingine vizuri kuliko washindani watatu kwa pamoja, almuradi wateja wenye sauti wamefungiwa naye chumba kimoja pamoja na wale wasio na sauti. Mlango wa nyuma ukifunguliwa, wenye sauti wakajiondokea zao, wanaobaki ndani huwa na hali mbaya kuliko kama mlango ule usingekuwapo.

Tunayo methali ya mgema ambaye akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa kawaida hutumika kuonya juu ya sifa, lakini inasomeka vizuri pia kama sentensi ya uchumi. Methali haisemi mgema huyo yuko peke yake kijijini. Kinachomtia jeuri ni uhakika kwamba wanywaji watarudi. Wagema watano wenye uhakika huo watatia maji wote watano, kila mmoja kwa kipimo chake. Na mgema mmoja ambaye mnywaji wake wa kwanza kila jioni ni jumbe, na jumbe huyo hana pengine pa kunywa, atafikiri mara mbili kabla ya kushika kata ya maji.

Aliyelifikiri jambo hili kwa kina ni Albert Hirschman, mzaliwa wa Berlin aliyefanya kazi zake nyingi Marekani. Katika miaka ya 1960 alizunguka nchi kadhaa akitazama miradi ya maendeleo, na Nigeria ikampa kitendawili. Reli ya nchi hiyo ilikuwa inanyang'anywa mizigo na malori hata katika safari ambazo reli hupaswa kushinda bila jasho, kama kubeba karanga kutoka kaskazini hadi bandari za Lagos na Port Harcourt, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja. Nadharia ilisema malori yangeiamsha reli. Reli haikuamka. Wafanyabiashara wakubwa, ambao wangekwenda kumtoa meneja jasho, walikodi malori na kuacha kujisumbua. Waliobaki kwenye mabehewa ni wale ambao malalamiko yao hayafiki popote. Na kwa kuwa shirika lilikuwa la umma na hasara yake ilizibwa na hazina, mapato yaliyopotea hayakumuuma mtu. Katika kitabu chake cha mwaka 1970 Hirschman alifikia hitimisho ambalo wengi bado hawajalimeza: penye mhodhi mvivu anayelindwa dhidi ya hasara, ushindani kidogo unaweza kuwa msaada kwake. Unampunguzia wateja wasumbufu.

Sijui kama kuna mahali panapoonyesha jambo hili waziwazi kuliko maji ya Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hilo hutoka mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Huduma hii haiwezi kuwa na washindani kwa maana ya kawaida, kwa sababu hakuna mwenye akili atakayefukia mabomba mawili sambamba katika barabara moja ili wakazi wachague. Wachumi huuita ukiritimba wa asili, na hapa sina ubishi nao. Lakini kina cha Ruvu kiliposhuka mwishoni mwa mwaka 2022 na mgawo ukatangazwa, jiji halikupata kiu moja. Nyumba yenye kisima kirefu na simtanki mbili juu ya mnara iliusikia mgawo kwenye taarifa ya habari. Nyumba ya kati iliita boza. Aliyepanga chumba kimoja alisubiri mkokoteni wa madumu. Huyu wa mwisho, mvua inyeshe au isinyeshe, hulipa kwa lita moja mara kadhaa ya kile anacholipa mwenye mita, na akitaka kulalamika hana namba ya akaunti ya kulalamikia. Kwenye vitabu vya mamlaka yeye si mteja. Kwa hiyo mgawo ukitokea, wenye uwezo wa kupiga simu kwa waziri hawana sababu ya kupiga, na mwenye sababu hana namba.

Mjadala wetu wa hadharani huliruka jambo hilo na kukimbilia umiliki. Mwaka 2003 uendeshaji wa maji ya Dar es Salaam ulikabidhiwa City Water, ubia wa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya Tanzania. Kufika Mei 2005 serikali ilikwisha kuuvunja mkataba. Kesi zikafuata, na mwaka 2008 jopo la usuluhishi wa kimataifa likaona kwamba Tanzania ilikiuka haki za mwekezaji, ila halikuamuru alipwe fidia. Waliopenda ubinafsishaji na walioupinga wote walipata la kusema, na bado wanalisema. Ila mtu aliyekuwa akijaza ndoo Manzese hakuona tofauti kubwa kati ya mhodhi aliyetoka Ulaya na mhodhi aliyerudi kuwa wa serikali. Bomba lilikuwa lilelile, na waliokuwa na mlango wa nyuma walikuwa walewale. Uganda nayo ilikodisha usambazaji wa umeme kwa kampuni ya Umeme kuanzia mwaka 2005, miaka 20 ikaisha, na Aprili 2025 kazi ikarudi kwa shirika la serikali. Mhodhi alibadilika mara mbili. Idadi ya wahodhi ilibaki ileile: mmoja.

Mlango wa nyuma si kisima na jenereta tu. Upo mwingine mwembamba zaidi, na Watanzania wameupa jina zuri: kishoka. Kishoka ni fundi asiye na ajira rasmi, au mwenye ajira rasmi asiye na subira, anayekuunganishia umeme au maji bila kupitia foleni. Watu humsema kama mhalifu tu, na sheria iko upande wao. Ila mtazame kama ushahidi. Huyu bwana hauzi umeme, kwa kuwa umeme ni ule ule wa shirika. Anauza muda. Uwepo wake unathibitisha maana ile ya mtaani ya ukiritimba, kwamba kinachokosekana ni huduma ya haraka, na kwamba wapo walio tayari kuilipia. Naye anafanya kosa lingine ambalo sheria hailitaji: anawaondoa kwenye foleni walimu, makarani na wafanyabiashara wadogo, watu hasa ambao wangeandika barua, wangepiga simu redioni, wangemkalia kooni diwani. Anayetoa rushwa amehama akiwa amesimama palepale.

Sasa pingamizi. La kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, ni simu. Kizazi kizima Afrika Mashariki kilijaza fomu za simu ya waya na kusubiri kwa miaka mashirika ya posta na simu yaliyokuwa peke yao sokoni. Hawakukosa sauti: mawaziri na wakurugenzi nao walitegemea waya ule ule, na waya haukutengemaa. Kisha makampuni ya simu za mkononi yakaja katika miaka ya 1990, yakagombana, na ndani ya miaka michache mvuvi wa Kilwa akawa na simu. Mtu akisema huo ni ushindi wa ushindani, mimi nakubali bila kusitasita. Ninachoongeza ni viwili. Waziri wa zama zile alitegemea waya ule ule, lakini hakutegemea foleni ile ile. Laini yake ilifungwa kwa cheo, kwa hiyo alikuwa ndani ya mtandao na nje ya adha yake. Pili, minara ya simu inaweza kuzidishwa na mabomba hayawezi. Anayechukua somo la simu na kulipeleka kwenye maji ni kama anayeona boti imevuka bahari akadhani lori nalo litaelea.

Na simu zenyewe zina kisa kinachowatatiza watetezi wa ushindani. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Tanzania ilipata soko la makampuni kadhaa yanayokabana koo, na mwaka 2014 yakaanza kukubaliana pesa zivuke kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Kenya ilipata Safaricom iliyokaribia kumeza soko lote la pesa za simu, na uhamishaji baina ya mitandao ukaja mwaka 2018. Kwa nadharia ya darasani, Mkenya alipaswa kuwa ndiye anayesubirishwa. Badala yake huduma ilienea haraka na kukaa imara, kiasi kwamba duka lisilopokea M-Pesa huonekana kama halijamaliza kujengwa. Ipo sababu ya kiufundi: pochi ya simu hupata thamani kutokana na wingi wa watu waliomo tayari. Lakini ipo pia sababu ninayoitetea hapa. Mbunge na mama mboga wanatumia mtandao mmoja, kwa menyu ile ile. Ukisimama kwa saa moja mchana, kelele hutoka bungeni na gengeni kwa pamoja, na hakuna simtanki ya pesa ya kumfariji mmoja wao.

Hata hivyo kisa hicho kisitumike kuosha kila kitu. Mamlaka ya ushindani ya Kenya ilibidi iingie kati mwaka 2014 ndipo mawakala wa Safaricom wakawa huru kuhudumia na makampuni mengine. Na Machi 2020, janga la korona lilipoingia, ada ya kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 za Kenya iliondolewa hadi mwisho wa mwaka, na kampuni haikufa. Mtu anayetumiana shilingi mia tano na nduguye kijijini ana haki ya kuuliza kwa nini ada ile ilikuwapo kwa miaka 13 kabla yake. Sauti ya pamoja huwa kali sana juu ya kukatika kwa huduma na butu juu ya ada ndogondogo, kwa sababu mbunge haihisi ada ile. Chumba ni kimoja, lakini viti havilingani.

Pingamizi la pili linanisumbua zaidi, kwa kuwa linashambulia sauti yenyewe. Wateja wa mhodhi wa umma wakipiga kelele, wanasema wakosoaji, huomba kitu kimoja: bei ya chini. Mwanasiasa husikia, bei hushikiliwa, shirika hukosa fedha za nguzo na transfoma, na miaka kumi baadaye kelele zinarudi, safari hii za giza. Historia ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, na madeni yake haiwapi wakosoaji hawa shida ya kupata mifano. Nakubali sehemu. Ila angalia ni nani anayelilia bei: ni yule ambaye tayari ana mita. Asiye na nguzo kijijini kwake hana bei ya kulalamikia, yeye anataka waya. Sauti hiyo ya pili ilipopata njia, kupitia sheria ya nishati vijijini ya mwaka 2005 na wakala wake, REA, ilizaa kitu ambacho soko lenye washindani lisingekizaa: kuunganishiwa umeme kijijini kwa shilingi 27,000, fedha ambayo haifikii hata gharama ya nguzo. Vivyo hivyo na kundi la bei la D1, ambamo mwenye kutumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti huku anayezidi akilipa zaidi ya mara tatu yake. Ruzuku ya namna hii hutoka kwa mtumiaji mkubwa kwenda kwa mdogo, nayo husimama tu pale wote wawili wanapokuwa kwenye daftari moja. Ruhusu kampuni tano zigombee wateja, na zote tano zitakwenda kwenye viwanda na hoteli. Hakuna itakayogombania taa mbili za mwanakijiji wa Nanyumbu.

Pingamizi la ubunifu sitalikalia sana. Husemwa kwamba mhodhi hana haja ya kuvumbua, na wengine hujibu kwa kuitaja Bell ya Marekani, ambayo maabara zake zilivumbua transista mwaka 1947 wakati ikihodhi karibu simu zote za nchi ile. Kampuni hiyohiyo iliwahi kuipiga marufuku bidhaa ya biashara ndogo iliyouza kikombe cha kuchomeka kwenye mkono wa simu ili jirani asisikie mazungumzo, na mwaka 1956 ikashindwa mahakamani. Mwaka huohuo wa 1956 makubaliano na serikali yaliilazimisha kuwafungulia wengine hataza zake, transista ikiwemo. Bell ilikuwa na utulivu wa kutosha kuwalipa wanasayansi, na mkubwa wa kutosha juu yake wa kuwanyang'anya matunda yao kwa faida ya umma. Nchi zenye cha kwanza ni nyingi. Cha pili ni adimu.

Kwetu Tanzania mkubwa huyo ni EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, pamoja na baraza lake la ushauri la watumiaji wa nishati na maji. Kazi yao ina heshima, na mikutano ya hadhara ya kujadili bei ni mahali pa nadra ambapo mteja huketi mbele ya mhodhi na kipaza sauti. Lakini mdhibiti naye ni sehemu ya dola, na dola hukiona kitu kingine katika mhodhi: urahisi. Agosti 2021 kodi ya jengo ilianza kukusanywa kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Siijadili kodi yenyewe. Najadili kwa nini ilipachikwa hapo. Ilipachikwa hapo kwa sababu kila mtu ananunua uniti na hakuna awezaye kukimbia. Mteja asiye na pa kwenda humvutia muuzaji, kisha huwavutia wengine wenye mizigo ya kupakia. Huo ndio udhaifu wa chumba chenye mlango mmoja, nami sina jibu lake zaidi ya kelele zile zile, ambazo ili zisikike lazima ziwe na wenye nyumba za ghorofa ndani yake.

Nao wameanza kuondoka. Paneli za sola zimeshuka bei kiasi kwamba hoteli, shule binafsi na nyumba za wenye nafasi zinaweza kujitegemea mchana na kurudi kwenye gridi usiku au mawingu yakitanda. Kuwakataza itakuwa upuuzi, jua halina leseni. Lakini kila mmoja wao anapohama, mambo mawili yanahama naye: fedha iliyokuwa ikimlipia mtu wa D1, na hasira iliyokuwa ikimfikia meneja wa mkoa. Wakati huo huo laini inabaki juu ya paa lake, transfoma inamsubiri, fundi wa zamu anamsubiri, na gharama ya kusubiri huko inalipwa na wale wanaonunua uniti kila siku. Hadi Aprili 2016 wateja wa kawaida wa TANESCO walikuwa wakilipa ada ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi, wanunue umeme au wasinunue. Ilifutwa, na wengi walishangilia. Mimi ningeirudisha, kwa mwenye sola au jenereta kubwa peke yake, na iwe nzito kuliko ile ya zamani, ili kila mwezi anapoilipa aulize laini yake ilikuwa na umeme kwa saa ngapi.